Seli Haijigawi Bila Kuambiwa

(Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari, walimu na wazazi jijini Mwanza, yaliyoandikwa upya kwa ajili ya wasomaji.)

Ndugu Mwenyekiti, walimu, wazazi na walezi, wanafunzi. Wakubwa zangu, shikamooni. Vijana, hamjambo?

Nimeombwa nizungumzie jinsi seli zinavyokua na kujigawa. Kidato cha nne somo hili mnalo. Majina ya hatua zake mmeyakariri, na kwenye mtihani mtayaandika vizuri, Mungu akipenda. Mimi leo nataka tukae kwenye swali ambalo mtihani hauliulizi sana: ni nani anayeiambia seli ijigawe, na ni nani anayeiambia iache? Kazi yangu ni ya maabara ya patholojia. Vipande vya nyama vinavyoletwa mezani kwangu vinatoka kwa watu ambao ndani ya miili yao kuna seli iliyoendelea kujigawa pale ambapo wenzake wote wametulia. Ndiyo maana swali hili kwangu si la darasani tu.

Tuanze na ukubwa wa kazi yenyewe. Mwili wa mtu mzima una seli zaidi ya trilioni 30, na zote chanzo chake ni seli moja tu, yai lililorutubishwa tumboni mwa mama. Na kazi haikwisha siku ulipozaliwa. Hivi sasa mkiwa mmekaa kwenye viti, uboho uliomo ndani ya mifupa ya kila mmoja wenu unatengeneza chembe nyekundu za damu zipatazo milioni 2 au zaidi kila sekunde, kwa sababu chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, kisha huondolewa. Utando wa ndani wa utumbo mdogo hufanywa upya kila baada ya siku 3 hadi 5. Lakini seli za ubongo, nyingi kati ya zile ulizozaliwa nazo ndizo utakazozeeka nazo. Misuli ya moyo nayo hubadilisha chini ya asilimia 1 ya seli zake kwa mwaka.

Hapo pana jambo la kushangaza, na naomba tusilipite haraka. Seli ya utumbo na seli ya ubongo zina DNA ile ile, yaani maagizo yale yale ya urithi, kromosomu 46 zile zile. Moja inajigawa mchana na usiku, nyingine imenyamaza miaka 60. Kinachozitofautisha ni amri: ipi inapewa amri gani, na ipi iko tayari kuisikia.

Watu wengi pia hudhani kwamba tembo ni mkubwa kwa sababu seli zake ni kubwa. Sivyo. Chukua seli ya ini ya panya na ya tembo, uziweke chini ya hadubini. Kwa ukubwa hazitapishana sana. Tembo anazo nyingi zaidi, basi. Kwa hiyo ukiuliza kwa nini mtoto wa tembo haachi kukua akiwa na ukubwa wa panya, umeuliza seli zake ziliambiwa zijigawe mara ngapi.

Sasa walimu wa biolojia, kuna zoezi moja ambalo nawasihi mlifanye hata kama maabara yenu ina hadubini moja tu. Kitunguu maji. Kikalishe juu ya mdomo wa glasi yenye maji, chini yake pakiguswa na maji tu. Baada ya siku chache kitatoa mizizi myeupe. Kata ncha ya mzizi, milimita 2 za mwisho, zisizidi. Iloweke kwenye asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa na kupashwa moto kidogo, dakika chache, ili seli ziachane. Itie rangi ya asetokamini au asetoosini, iweke kwenye slaidi, funika kwa kioo chembamba, kisha bonyeza kwa kidole gumba kilichofunikwa karatasi laini. Usikiburute kidole, ukikiburuta unazichanachana.

Angalia sasa. Utaona seli za pembe nne zimejipanga mistari kwa mistari. Nyingi zina kiini cha duara, rangi yake imetulia. Hizo zinakua na kunakili DNA yao. Katikati ya hizo utaiona moja ambayo kiini chake kimegeuka kuwa nyuzi nene nyekundu zilizojisokota, na hizo ndizo kromosomu. Nyingine kromosomu zimejipanga mstari katikati ya seli. Nyingine makundi mawili yanavutwa kila moja upande wake, mikia ikiwa nyuma. Kitunguu kina kromosomu 16, na mwanafunzi mvumilivu anaweza kuzihesabu kwa macho yake. Na kwa kuwa seli ya mmea ina ukuta mgumu, haijibani kiunoni ili igawanyike kama seli yetu; inajenga ukuta mpya katikati. Mjerumani Walther Flemming aliyaona mambo haya kwenye viluwiluwi vya salamanda, akayachora hatua kwa hatua na kuyachapisha mwaka 1882. Alifanya hivyo kwa macho, kalamu na rangi za kutia kwenye slaidi, na michoro yake mpaka leo haina aibu mbele ya picha za kamera.

Kisha sogeza slaidi kidogo, utoke nchani urudi nyuma. Seli za huko ni ndefu, na hakuna hata moja inayojigawa. Zinafyonza maji na kurefuka. Mzizi basi unaongezeka kwa njia mbili: nchani seli zinazidi idadi, nyuma yake seli zinazidi urefu. Kukua na kujigawa ni mambo mawili, na mwili unaweza kuamuru moja bila jingine. Hata kwenu ilikuwa hivyo. Siku za mwanzo kabisa za maisha yenu, yai lililorutubishwa lilijigawa mara kadhaa bila kukua hata kidogo. Kila mgawanyiko ulitoa seli ndogo kuliko ya kabla yake. Baadaye ndipo kukua na kujigawa vikaanza kwenda sambamba.

Seli ya binadamu inayokuzwa maabara huchukua kama saa 24 kumaliza mzunguko mmoja. Katika hizo, kujigawa kwenyewe, hizo hatua mnazokariri, kunachukua saa 1 hivi. Saa 8 ni za kunakili DNA, yenye urefu wa mita 2 hivi ikinyooshwa, yote imo ndani ya kiini usichokiona kwa macho. Herufi zake ni bilioni 6. Vimeng'enya vinavyoinakili vinakosea, lakini kuna vingine vinavyopita nyuma vikisahihisha, mpaka yanayobaki ni takriban kosa moja kwa kila herufi bilioni moja. Muda mwingine wote uliobaki seli inakua, inakusanya protini, na inajikagua.

Nani anaamua kwamba sasa wakati umefika? Sehemu ya kwanza ya jibu ilipatikana kwenye kitu kilichotoka huku kwetu. Mwaka 1893 Paul Lindner, mtaalamu wa hamira kule Ujerumani, alichunguza pombe ya nafaka ya Afrika Mashariki akakuta hamira ambayo haichipui kama ile ya mandazi. Seli yake ina umbo la fimbo fupi. Inarefuka, halafu inajikata katikati. Akaiita Schizosaccharomyces pombe, na kwa jina hilo inafugwa hadi leo katika maabara za dunia nzima.

Miaka ya 1970, kijana Mwingereza aitwaye Paul Nurse alikuwa Edinburgh akiifuga hamira hii. Seli yake huzaliwa na urefu wa mikromita 7 hivi, na ikifika 14 inajikata. Nurse akajiuliza: ziko zinazokosea, zinazojikata zikiwa bado fupi? Kama zipo, basi jeni iliyoharibika ndani yake ndiyo inayoshika zamu ya kuamua. Akawa anazitafuta kwa macho, moja moja, wiki kwa wiki. Alipata kama 50, na karibu zote ubaya ulikuwa kwenye jeni moja. Iliyokuja mwishoni ilikuwa kwenye sahani iliyovamiwa na ukungu, akaitupa. Amefika nyumbani nafsi ikamsuta, akarudi usiku ule kuiokota kwenye takataka. Ndiyo iliyokuwa na jeni tofauti, inayoitwa cdc2, na hiyo ikaja kuonekana kuwa ndiyo yenye kauli ya mwisho. Protini yake ikiwashwa, seli inajigawa. Ile jeni ya kwanza kazi yake ni kuizuia isiwashwe mapema.

Mwaka 1987 ndipo jambo lenyewe lilipotikisa dunia ya biolojia. Nurse na mwenzake Melanie Lee walichukua hamira ambayo cdc2 yake imeharibika, isiyoweza kujigawa, wakaimwagia vipande vya DNA ya binadamu. Nyingi hazikufanya lolote. Chache zikaanza kujigawa. Walipotazama kipande cha DNA kilichoziokoa, ni jeni ya binadamu inayofanana sana na cdc2. Hamira na sisi tuliachana njia zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita, na bado jeni yetu inaweza kushika kazi ya jeni yake. Wanafunzi, mkiulizwa kwa nini mtu apoteze maisha yake akichunguza hamira, toeni jibu hili.

Mwingereza mwingine, Tim Hunt, mwaka 1982 alikuwa Marekani, kituo cha Woods Hole, akichunguza mayai ya urchini wa baharini, yule kiumbe wa miiba ambaye watu wa Pwani mnakwepa kumkanyaga. Aliona protini moja inaongezeka ndani ya yai, inaongezeka, kisha yai linapojigawa inatoweka ghafla. Halafu inaanza tena. Hiyo ndiyo saiklini; inashikamana na protini ya cdc2 na kuiwasha, na ikishateketezwa, mzunguko unaanza upya. Nurse, Hunt na Mmarekani Leland Hartwell, aliyefafanua zaidi vituo ambavyo seli hujikagua kabla ya kuendelea, walipewa Tuzo ya Nobel kwa pamoja mwaka 2001.

Lakini angalieni, hamira huishi peke yake. Maswali yake ni mawili: chakula kipo? Nimefikia urefu wangu? Vyote vikiwa ndiyo, inajigawa, haina mtu wa kumuuliza. Seli ya mwilini mwako ina swali la tatu, na hilo ndilo lililotuwezesha kuwa na miili. Chakula kipo, tena tele, damu inapita mlangoni kila saa. Ukubwa unao. Swali ni: umeambiwa?

Seli ya mwili haijigawi kwa sababu tu inaweza. Inasubiri protini kutoka kwa seli nyingine, ambazo zikigusa vipokezi vilivyo juu ya utando wake, amri inapelekwa hatua kwa hatua mpaka kwenye kiini. Ukijikata na kisu jikoni, chembe za kugandisha damu hazizibi jeraha tu. Zinamwaga protini za namna hiyo, na seli za ngozi zilizo kando ya jeraha zinaamka. Mmarekani Stanley Cohen aliigundua mojawapo kwa jambo dogo ambalo mwingine angelipuuza: watoto wa panya waliochomwa sindano yenye maji ya tezi za mate walifungua macho siku kadhaa kabla ya wenzao, na meno yao yakaota mapema. Alifuatilia sababu, na mwaka 1986 yeye na Mtaliano Rita Levi-Montalcini wakatunukiwa Nobel.

Na amri ya kuacha nayo ipo. Seli ya kawaida ikifugwa kwenye sahani hujigawa mpaka imegusana na wenzake pande zote, halafu inatulia. Ini ndilo linaloonyesha hili vizuri kuliko kiungo kingine. Mwaka 1931 watafiti walikata theluthi mbili za ini la panya. Kwa siku saba hadi kumi hivi, ini lilirudi kwenye uzito wake wa awali, na lilipofika hapo likaacha. Halikupitiliza. Mimi nikifikiria ini, hilo la kuacha ndilo linalonigusa zaidi ya hilo la kuota.

Na kama seli imeharibika kiasi cha kutotengenezeka? Kuna protini iitwayo p53. DNA ikikatika, p53 inasimamisha mzunguko ili ukarabati ufanyike. Uharibifu ukizidi, inaiamuru seli ijiue. Ndiyo, ijiue, kwa utaratibu: inasinyaa, inajikatakata vipande, na seli walaji wanavisafisha bila hata jeraha kuonekana. Vidole vyenu vilipatikana hivyo hivyo; mikono ya mtoto tumboni huanza ikiwa imeunganika, na seli za katikati hufa ili vidole viachane. Tembo, mwenye seli nyingi kutuzidi mara nyingi, tungetarajia augue saratani sana, lakini haugui sana. Utafiti uliotoka mwaka 2015 ulionyesha kwamba ana takriban nakala 20 za jeni ya p53, wakati sisi tuna moja kwa kila seti ya kromosomu tunayorithi kwa mzazi. Seli ya tembo ikiharibika DNA, hujiua upesi kuliko yetu.

Wazazi wangu, sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nikubali kuja hapa, na si kwingine, mji ulioko kando ya Ziwa Viktoria.

Mwaka 1957, Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji kutoka Ayalandi, Denis Burkitt, aliitwa amwone mtoto wa kiume wa miaka 5. Taya zake zilikuwa zimevimba pande zote nne, juu na chini, kulia na kushoto. Hakuwahi kuona kitu cha namna hiyo. Wiki chache baadaye alikuwa Jinja, akamwona mtoto wa kike mwenye taya zile zile, na tumboni ana uvimbe mwingine. Mtu mwingine angesema ni bahati mbaya mara mbili. Burkitt, aliyekuwa na jicho moja tu tangu ajali ya utotoni, alianza kufukua kumbukumbu za hospitali, na mwaka 1958 akachapisha alichokiona: saratani ya watoto ambayo leo huitwa kwa jina lake, limfoma ya Burkitt. Akatuma picha kwa hospitali barani Afrika akiuliza: kwenu wapo? Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu wakaenda wiki 10, kilomita kama 16,000, hospitali baada ya hospitali, mpaka Afrika Kusini. Wakaona uvimbe huo unapatikana penye joto na mvua, na milimani haupo. Ramani yake ilifanana na ramani ya malaria.

Mwaka huo huo Burkitt alitoa mhadhara London, na kati ya wasikilizaji alikuwamo mtafiti wa virusi, Anthony Epstein. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kwamba ndani ya seli hizo wameona virusi, na vikaitwa kwa majina ya wawili kati yao, Epstein na Barr. Virusi hivi vimo ndani ya zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani, na karibu wote hawadhuriki navyo. Kwa hiyo peke yake havitoshi kueleza lolote.

Tukiunganisha yaliyojulikana baadaye, hadithi inakwenda hivi. Mtoto anaugua malaria mara kwa mara. Kila mara, seli B za kinga, zinazotengeneza kingamwili, zinaamriwa zijigawe kwa wingi na kwa haraka. Hiyo ni amri halali kabisa, ndiyo kazi yao. Wakati zikijigawa, zinakatakata kwa makusudi jeni zao za kingamwili ili zipate kingamwili bora, na hapo ndipo hatari inapoingia: kuna siku mkato unatokea pasipostahili, na kipande cha kromosomu namba 8 kinaungana na kromosomu namba 14. Kwenye kromosomu namba 8 pana jeni iitwayo MYC, inayoamuru seli ikue na kujigawa. Kwa kawaida huwashwa pale amri inapokuja, kisha huzimwa. Sasa imehamishiwa jirani na jeni ya kingamwili, ambayo kwenye seli B haizimwi. Ni sawa na kuiunganisha taa ya chumbani kwenye waya wa umeme usiopitia swichi. Seli yenye MYC iliyowaka namna hiyo ilipaswa ijiue, lakini virusi vya Epstein na Barr huchangia kuinyamazisha amri hiyo ya kujiua.

Matokeo yake ni uvimbe unaokua haraka kuliko saratani nyingine yoyote ya binadamu. Idadi ya seli zake inaweza kujirudufisha ndani ya saa 24 hadi 48. Slaidi yake naitambua kabla sijaongeza nguvu ya lenzi. Seli za buluu iliyokoza, zimebanana, zote zinafanana, na karibu kila moja iko kwenye mzunguko wa kujigawa. Katikati yake kuna matundu meupe yaliyotawanyika. Ni seli walaji, zimekuja kusafisha zile zilizokufa. Wanapatholojia huita picha hiyo anga lenye nyota. Jina zuri kwa kitu ambacho, kikiwa mezani kwangu, najua kuna mtoto wodini asiyeweza kufunga mdomo wake.

Dalili ziwaingie vichwani. Meno ya mtoto wa miaka 4 hadi 9 yanalegea ovyo, si yale ya kung'oka kwa umri wake. Taya linavimba na halina usaha. Jicho linasukumwa nje. Tumbo linajaa. Watoto wengi huanzia kwa mng'oa meno, jino linatolewa, uvimbe unazidi, na wiki mbili tatu zimekwisha kupotea. Kwa uvimbe unaojirudufisha kila siku mbili, wiki mbili ni mara saba: kilichokuwa kimoja kimekuwa 128. Mtoto apelekwe hospitali kubwa, kipande kichukuliwe, kipimwe.

Na hapa naomba mnisikilize sana, kwa sababu neno saratani limewafanya wazazi wengi wakate tamaa pasipo sababu. Kile kile kinachoufanya uvimbe huu ukue haraka ndicho kinachoufanya uponyeke. Dawa zake hupiga seli zikiwa zinajigawa. Mojawapo ni vinkristini, inayotokana na ua dogo lenye asili ya Madagaska, la waridi au jeupe, ambalo wengi wenu mmelipanda uani. Kumbukeni zile kromosomu za kitunguu zinazovutwa pande mbili. Zinavutwa na nyuzi. Vinkristini inazuia nyuzi hizo zisijengeke, kwa hiyo seli inakwama katikati ya kujigawa, kisha inafa. Seli iliyotulia haisumbuki sana nayo, lakini uvimbe huu hauna seli zilizotulia. Burkitt mwenyewe aliona taya zilizovimba zikinywea ndani ya siku chache baada ya dozi za mwanzo. Mwaka 1967 Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianzishwa pale Mulago, na mengi ambayo dunia inayajua kuhusu kutibu saratani kwa dawa zilizochanganywa yalijifunzwa kwa watoto wa huko. Penye hospitali zilizokamilika, zaidi ya watoto 9 kati ya 10 wenye ugonjwa huu hupona. Kwetu wanaopona ni wachache kuliko hao, na sababu mbili kubwa ni kuchelewa kufika na kuacha dawa njiani.

Hilo la kunyonyoka nywele, vidonda vya mdomo na damu kupungua pia mnaweza sasa kulielewa. Dawa haijui seli mbaya na nzuri; inajua inayojigawa na isiyojigawa. Shina la nywele, utando wa mdomo na utumbo, uboho: ndizo zile nilizozitaja mwanzo, zisizopumzika. Zinaumia pamoja, lakini kwa kuwa bado zinasikia amri, zinaamka tena na kujijenga, na nywele zinaota. Na siku za mwanzo mtoto huwekewa maji mengi ya dripu kwa sababu seli nyingi mno zinakufa kwa pamoja, na taka zake zote zinapita kwenye figo.

Sasa hilo la kuacha dawa. Tuchukue uvimbe wa sentimita moja kila upande, una seli kama bilioni moja. Tuseme dozi ya kwanza imeua 999 katika kila 1,000. Zimebaki milioni moja. Seli milioni moja ni kama milimita moja. Huzioni, huzigusi, daktari naye hazishiki kwa mkono. Mtoto anakula, anacheza mpira, shavu limerudi. Mama ana wengine nyumbani, shamba linasubiri, nauli imeisha. Anaomba ruhusa, au anaondoka alfajiri bila kuaga. Milioni moja ikijirudufisha mara 10 ni bilioni moja. Kwa siku mbili kila mara, ni siku 20. Hapo hakuna aliyerogwa wala dawa iliyokwisha nguvu. Ni hesabu ya kuzidisha kwa mbili. Dozi ya pili inakusudiwa kuikuta ile milioni kabla haijarudi kuwa bilioni, ibakize elfu. Ya tatu ibakize moja au isibakize. Ndiyo maana kwenye kadi tarehe zimepangwa karibu karibu, na ndiyo maana mtoto aliyeonekana amepona kabisa bado anatakiwa kurudi.

Kwa hiyo wenyeviti wa mitaa na viongozi wa dini mliopo, mkisikia kuna mzazi jirani yenu amerudi na mtoto wa taya, muulizeni tarehe ya kadi. Ikiwa kinachomkwamisha ni nauli, changeni, kama mnavyochanga kwenye msiba na harusi. Mkichanga wiki hii mmewahi; mkingoja mwisho wa mwezi, mmeshaona hesabu yake.

Nimemaliza niliyokuwa nayo. Muda wa maswali upo, na wanafunzi waanze.